Salamu za Mzee Hatibu

Simbeye, fundi wa duka lililomuuzia Bi Mwajabu gari, alichomoa kichwa chini ya usukani akiwa na waya mkononi zilizofungwa kwa plasta ya kidonda.

"Mama, nani kakufanyia hivi?"

"Fundi wa mtaani kwetu. Redio yenu haikushika stesheni ya hapa, ilikuwa inakoroma tu, akaniwekea nyingine."

"Basi hii aliyoweka ndiyo iliyoua indiketa. Turudishe ile ya mwanzo, nikutengenezee bure. Ukiikataa, waranti hakuna tena."

Bi Mwajabu akatazama saa, akapenyeza mkono dirishani, akawasha redio. Kipindi cha salamu kilikuwa kimeshaanza, mtangazaji anasoma.

"Mzee Hatibu, yuko nyumbani anauguza miguu, anamsalimu mkewe Mwajabu popote alipo. Anasema asisahau ndizi."

Gereji nzima ikaangua kicheko.

"Kila siku hivi?" Simbeye akauliza.

"Kila siku. Jana ilikuwa sabuni."

"Si akupigie simu tu, mama?"

"Kwenye simu atasikia nani zaidi yangu?" Akaingia garini, uso umemkunjuka. "Zirudishe waya zangu na plasta yake, mwanangu. Waranti bakini nayo."

Alipofika njia panda indiketa ikagoma, kama kawaida yake. Akatoa mkono nje mpaka begani kuonyesha kwamba anakata kulia. Muuza ndizi aliyesimama ng'ambo akadhani anasalimiwa yeye. Akautua mkungu wake chini, akainua mkono, akaupunga na kuupunga.