Picha ya Jumamosi

Mtandao mpya wa kijamii ulipozinduliwa ukumbini, Mzee Kheri alikubali kuwa wa kwanza kuweka picha.

“Siku na mahali vinajiandika vyenyewe,” alieleza msichana wa mtandao.

Kwenye skrini ya ukutani akatokea Kheri, yuko harusini, sahani ya pilau gotini, anacheka. Chini pakaandikwa Jumamosi, tarehe tisa, na jina la mji huu huu.

“Babu, hata ukoko hukutubakishia!” mtu akapaza sauti, na watu wakaangua kicheko.

Kheri hakucheka. Jumamosi ile Bi Msimu, aliyeketi sasa kando yake ukumbini, alimzika kaka yake, rafiki wa Kheri tangu utotoni. Kheri alikuwa ametuma salamu kwamba yuko safarini.

“Ifute, mjukuu wangu,” alimwomba msichana.

“Kufuta bado, babu. Tutaongeza mwezi ujao.”

Kheri akageuka, simu ingali mkononi. “Bi Msimu, siku ile mimi...”

“Mashine nazo hukosea tarehe, kaka,” Bi Msimu alisema taratibu. Aliichukua simu, akailaza mapajani na kuifunika kwa ncha ya kanga, kama anayemfunika mtoto aliyelala.

Ukutani, Kheri aliendelea kucheka.