Hakifufuki

Mtoto wa nne alitapika mbele ya gurudumu kubwa, na Mzee Ulimboka akatoa leso akaziba pua.

Stara alimtazama kutoka mezani kwake akasonya kimoyomoyo. Kompyuta hainuki. Matapishi yenyewe yalikuwa vidoa vya kijani kwenye kioo, ndani ya chumba cha kukodisha kompyuta alichokihudumia Stara karibu na soko la Majengo, mchana kweupe, nje upepo wa Dodoma ukigonga mabati. Mzee mzima na suti yake ya Kaunda, kaziba pua kama aliyekanyaga mzoga.

Hii ilikuwa wiki yake ya pili, na alicheza mchezo mmoja tu. Katika mchezo huo unakabidhiwa kiwanja cha starehe kilichochakaa, bembea zimeshika kutu, wageni wamekihama, na unapewa miaka mitatu ya mchezo kukifufua. Ukifikisha wageni mia sita, umeshinda. Usipofikisha, kinafungwa.

Kiingereza cha mchezo alikijua kuliko Stara. Kilichomshinda ni kucheza. Takataka zilirundikana, watoto wakatapika wakatapikiana, wazazi wakashika njia, na yeye anatazama tu huku akila zabibu za Hombolo na kutemea mbegu kiganjani. Zile mbegu zenye mate alizipanga pembeni mwa kibodi, na wa kuzifuta kila jioni ni Stara. Zilimtia kinyaa hadi hamu ya zabibu ikamtoka.

"Mzee, weka wafagizi," alimwambia siku moja. "Na vyoo. Kiwanja kizima kina choo kimoja, tena kichafu."

"Sikio la kufa halisikii dawa, binti." Ulimboka akajiegemeza kitini, akashusha pumzi kama mtu aliyeshiba. "Hiki hakifufuki."

Neno lile lilimshtua Stara, maana lilikuwa neno la nyumbani kwao.

Baba yake, Mzee Rajabu, ndiye aliyekuwa mwendesha gurudumu la Kiwanja cha Bembea, hapa hapa mjini, enzi kila kitu kikiwa mali ya umma. Ubinafsishaji ulipoingia, ripoti ikatoka kwamba kiwanja hakifufuki. Kikauzwa, gurudumu likakatwa likawa vyuma chakavu, wafanyakazi wakapunguzwa. Sasa Mzee Rajabu anaziba pancha za baiskeli Chang'ombe, na kila kinachomkera hukitupia neno hilo. Kiatu hakifufuki. Redio hakifufuki. Hata mgongo wake hakifufuki, na sarufi aitafute mwenye kuitaka. Akishatulia husema lile lile analolisema miaka yote: walihitaji vyoo viwili na wafagizi wanne, basi. Siku hizi hata majirani hawamsikilizi.

"Mzee unakijua Kiwanja cha Bembea?" Stara aliuliza.

Ulimboka hakugeuka. "Nilipata kufanya kazi pale. Muda mfupi."

Kinyaa kikampungua Stara, huruma ikaingia. Kumbe ni mwenzao, naye alipunguzwa, naye anatembea na donda lile lile. Akaamua kwamba hiki kiwanja cha kwenye kioo kitafufuka kwa maneno ya baba yake, wala hatakiongezea kitu kingine. Kikifufuka atamleta baba aone kwa macho yake kwamba hakuwa mwendawazimu.

Mzee alipotoka kwenda kunywa chai, Stara alikalia kiti chake, akazoa mbegu kwa kipande cha gazeti huku uso ameukunja, akaajiri wafagizi wanne. Kesho yake, mzee alipotoka tena, akajenga vyoo viwili. Hakugusa kitu kingine.

Ulimboka aliporudi alikuta njia nyeupe pe. Alipepesa macho, akasogeza uso karibu na kioo. Wageni walikuwa mia mbili. Siku iliyofuata wakawa mia tatu na arobaini, na watoto, badala ya kutapika, wakapanga foleni kwenye gurudumu. Mzee hakuuliza nani kafanya nini. Ila kadiri idadi ilivyopanda, ndivyo alivyozidi kusawajika. Zabibu alizisahau ndani ya mfuko hadi zikachacha, zikaleta nzi, na Stara akazitupa huku amebana pumzi. Alidhani ni furaha. Kuna watu wazima ambao furaha huwashika kama homa.

Ijumaa, saa nane mchana, idadi ikafika mia sita. Kompyuta ikapiga muziki wake wa kitoto, fataki zikapasuka juu ya gurudumu.

Stara alikuja nyuma ya kiti akipiga makofi. "Kimefufuka, mzee. Nilikuingilia ulipokwenda kunywa chai, unisamehe. Lakini ni vyoo viwili na wafagizi wanne tu, kama anavyosema baba. Ngoja nikamwite, atakuwa ametoka msikitini. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha gurudumu la Kiwanja cha Bembea. Mtakumbukana."

"Hatutakumbukana," alisema Mzee Ulimboka. Leso ilikuwa tayari puani. "Vyoo vilinuka hadi barabarani, mwanangu. Ile ripoti niliiandikia garini, vioo nimevipandisha."