Makadirio ya Msiba

Siku hizo kila mwanafunzi wa uhandisi wa programu alilazimika kukadiria muda wa kila jambo kabla ya kulianza, awe kazini au nyumbani. Akikosea, kundi lake zima lilirudia mafunzo. Mwasiti alikuwa amekwisha kuwaponza wenzake mara kadhaa, hata wakaacha kumsalimia.

Asubuhi moja mumewe, Kitwana, alimletea habari kwamba mama yake Mwasiti amefariki. Mwasiti akaangua kilio. Papo hapo bangili ya mafunzo, iliyonasa kila alichofanya, ikatetemeka mkononi mwake, na sauti ya Lwanda, kiongozi wa kundi, ikasikika.

"Pole sana, dada. Utalia mpaka saa ngapi?"

"Lwanda, ni mama yangu!"

"Najua. Lakini wenzako wanasubiri makadirio."

Mwasiti akakadiria. "Mpaka adhuhuri."

Akalia kwelikweli, akigaagaa sakafuni. Adhuhuri ilipoingia, machozi yakakatika yenyewe. Alijaribu kumkumbuka mama, asihisi kitu.

"Hongera, dada," Lwanda alisema. "Safari hii hukukosea."

Mwasiti akajikuta anatabasamu. Kitwana aliliona tabasamu hilo. Alimnyanyua mtoto wao mchanga aliyelala kando ya mkewe, akatoka naye nje.