Chupa Isiyopewa Chuma

Mifuko yote miwili ilikuwa imevimba, na hilo ndilo lilikuwa balaa.

Uliotakiwa kuvimba ni mmoja tu. Chini ya kila mfuko palikuwa na chupa ya tope jeusi, na ndani ya tope vijidudu vinavyokula hewa ya kaboni na kutoa methani, gesi ya kupikia. Pacha, mtafiti wa maabara ile, alikuwa ameapa kwamba vikitiliwa unga wa chuma, chembe ndogo kuliko vumbi lolote, vitachapa kazi maradufu. Basi chupa ya kushoto ikapewa chuma. Ya kulia haikupewa kitu, ili tofauti ionekane.

Tofauti yenyewe sasa haikuwepo hata ya dawa.

"Debe tupu haliachi kuvuma," alisema mkuu wa chuo, akizungusha ufunguo kidoleni. "Na huo unga nasikia umekwisha kabla ya wakati. Chumba nawapa wengine, binti."

Pacha alianza kukusanya madaftari yake. Roho ilimuuma kwelikweli, maana ujana wake wote ulikuwa ndani ya zile chupa. Na kumlaumu mtu asingeweza. Wiki nzima alikuwa kitandani na homa, akamwachia mama yake, muuguzi mstaafu, kazi ya kutia dozi kila asubuhi kwa bomba la sindano. Mama yule hajakosea dozi maisha yake yote.

Ndiye huyo aliyeingia sasa, amekuja kumtazama mgonjwa wake.

"Shikamoo, mama," alisema mkuu.

"Marahaba, baba. Mbona nyuso hizi, kuna msiba?"

"Tunafunga, mama," alijibu Pacha. "Chuma hakisaidii. Aliyepewa na asiyepewa wametoka sawasawa."

Mama alimkazia macho, yale macho ya zamani, ya kumkuta amekula biskuti ya dada yake.

"Asiyepewa yupi?" aliuliza. "Mimi niliyekulea wewe na pacha mwenzako, nimlishe mmoja na mwenzake ananitazama? Alichopata huyu, na huyu alipata."

Ufunguo ukaacha kuzunguka.

"Tena huyu wa kulia nilimkuta mfuko wake umesinyaa kabisa, maskini. Nikawa kila siku naanza naye."