Visima vya Ng'ambo ya Mto

Msimamizi wake alikwishamkatalia mada tatu, kila moja kwa neno lilelile: "Hii imeshaandikwa." Ijumaa asipoleta swali jipya, nafasi yake ya shahada ya uzamili angepewa mwingine. Basi Mwanahawa akaingia chumba cha tasnifu za zamani. Kama yote yameandikwa, atayasoma yote, tuone nani atachoka kwanza.

"Unatafuta ya kunakili, mwanangu?" akamtania Bi Kibibi, mkutubi.

"Natafuta walipokwama, Bi Kibibi."

"Makubwa! Wenzako husoma shukrani tu, kuona nani kamsahau mkewe."

Kufikia alasiri alikuwa amemaliza tasnifu kumi na tisa, na chafya hazihesabiki. Ya ishirini ilihusu visima vya mji ule. Kurasa zake za mwisho zilikuwa zimegandana. Tangu ijalidiwe, hakuna msomaji aliyefika huko. Akazibandua taratibu kwa rula. Mwandishi alikuwa amekiri kwamba visima vya ng'ambo ya mto hakuvipima, maana mto ulifurika. Akaomba atakayemfuata aende kiangazi. Chini yake palikuwa na ramani, na ng'ambo ya mto ilikuwa nyeupe tupu.

"Bi Kibibi, mto una maji siku hizi?"

"Maji yapi? Kuku wanavuka bila kulowa kucha."

Mwanahawa akaanza kuichora ramani ile kwenye daftari lake, njia kwa njia, kisima kwa kisima. Alipofika ukingoni mwa mto, hakuinua penseli.