Herufi Iliyobaki Gizani

Vaidehi alizima taa ya bluu, na maabara yote ikanyamaza.

Chini ya mfuniko mweusi kulikuwa na kibao cha kielektroniki, kidogo kama ukucha, alichokihangaikia kwa miaka minne pale Bengaluru, India. Kilitakiwa kuwa jicho na ubongo kwa pamoja: kione kwa mwanga, kisha chenyewe kikumbuke kilichoona. Vibao vyote vya nyuma vilisahau mara tu taa ilipozimwa.

"Hiki nacho kikisahau, tutakipa jina la baba mkwe wangu," profesa wake alinong'ona.

Mama yake Vaidehi, mgeni wao siku hiyo, aliyefundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini, hakucheka. Alikuwa akiitazama kadi nyeusi ambayo binti yake alikuwa ameitoboa kwa umbo la herufi ya kwanza ya Kikannada, lugha yao, ili mwanga upite humo na kukifikia kibao.

Walihesabu kimoyomoyo hadi dakika nzima ikatimia. Vaidehi akabonyeza kitufe cha kusoma.

Herufi ikajichora kwenye skrini, nukta kwa nukta, mpaka ikatimia.

Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Vaidehi alimgeukia mama yake.

"Kimekumbuka, mama."

"Nimeona." Mama alisogea hadi pua yake ikakaribia kugusa skrini. "Ila mkia wa herufi umeupinda vibaya, mwanangu. Kimejifunza mwandiko wako."

Akajifuta macho kwa ncha ya sari, kisha akamnyooshea profesa mkono.

"Nipe mkasi, mwalimu mwenzangu, na kadi nyingine."