Kuzimwa kwa Mashine Kubwa

Asubuhi hiyo chuo kizima kiliomba umeme usikatike. Devota peke yake aliomba ukatike, tena uzimike mji mzima wa Dodoma kuanzia Mkonze hadi Chamwino, ili sherehe iahirishwe japo kwa siku chache.

Haukukatika. Spika zilikohoa, watu wakasimama, na Makamu Mkuu wa Chuo akaingia chumba cha mitambo na suti yake mpya, wapiga picha wakimfuata nyuma.

Mashine kubwa ilikuwa inazimwa. Kwa miaka chungu nzima dude hilo, refu kuliko kabati la nguo, lilitunza alama za kila mwanafunzi, na likiugua chuo kizima kiliugua. Sasa kazi yake imegawiwa seva tatu ndogo, kila ndaki ya chuo na yake, na kila seva ilitakiwa iwe na nakala ya alama zote. Moja ikifa, mbili zinabeba. Devota alitunza ya kwanza, Swalihu ya pili, Gladness ya tatu.

Tatizo ni kwamba seva ya Devota ilikuwa tupu. Haikuwa na alama hata ya dawa.

Kilichomponza ni msiba. Kunakili kutoka mashine kubwa, yenye mwendo wa kobe, kulichukua wiki nzima, na umeme ukikatika katikati kazi yote inaanza upya. Ndiyo maana watunzaji waliambiwa wasibanduke, wakae tayari kuwasha jenereta. Katikati ya wiki hiyo mama yake Mzee Ebenezer, mkuu wa kitengo chao, akafariki huko Kongwa. Sasa nani wa kukosa msiba wa bosi wake? Watu wangemsema mpaka azeeke. Devota akaiacha seva ikinakili, akaenda Kongwa kusonga ugali na kuosha masufuria. Kwa mbali alimwona Swalihu makaburini, ameshika sepetu, akamwonea wivu. Swalihu si mtu wa kubahatisha; lazima ameacha mtu wa kuwasha jenereta. Siku hiyo hiyo ya maziko, umeme ukakatika Dodoma.

Aliporudi, muda wa kuanza upya haukuwepo. Woga ukamfundisha ujanja. Akaiagiza seva yake kwamba kila ikiulizwa alama, iende kuiuliza mashine kubwa kimyakimya, kisha ijibu kana kwamba ni zake. Mzee Ebenezer alipokuja kukagua, ilijibu vizuri mno, hata akampa mkono wa hongera.

Ujanja huo ungekufa pamoja na mashine kubwa. Na mashine ile, iliyobebwa na betri zake kila umeme ulipokatika, ikizimwa haiwaki tena. Fundi pekee aliyeiweza alishazikwa. Tumaini la Devota lilikuwa moja tu: kunakili kutoka seva ya mwenzake, kazi ya muda mfupi ambayo mpaka asubuhi hiyo aliona aibu kuiomba, kabla mtu hajaigusa yake. Akiwahiwa, kazi hana. Na watoto wa watu wangapi walikuwa wanahitimu wiki ijayo? Mdogo wake Matonya alikuwa mmoja wao, na nyumbani mbuzi wa mahafali ameshafungwa.

“Mbona unatetemeka, dada?” Swalihu alimnong'oneza. Yeye mwenyewe jasho lilimtiririka, na chumba kile kina baridi ya kuvaa sweta.

“Malaria.”

“Pole. Ila seva yako iko salama, au siyo?”

Devota aliwaza: Huyu ameshajua. “Iko salama,” alijibu bila kumtazama.

“Alhamdulillahi,” Swalihu akasema, akashusha pumzi.

Mzee Ebenezer alishika kipaza sauti. “Mheshimiwa, kabla sijazima, niwashukuru vijana wangu. Mama yangu nilimzika nao. Walikuja wote, hata mmoja hakubaki ofisini. Na kazi hii wameimaliza vilevile.”

Watu wakapiga makofi. Devota alitamani ardhi ipasuke immeze. Mficha uchi hazai, marehemu bibi yake alikuwa akisema, naye akajikaza, akapiga hatua mbele ya kamera zote.

“Mzee, shikamoo. Nilikuwa naomba...”

“Marahaba, mwanangu. Shukrani tutazisikia baadaye.” Mzee akabonyeza.

Feni za mashine kubwa zilipunguza sauti taratibu, kisha zikanyamaza. Taa zake zikazima, ya mwisho ikasitasita kidogo, nayo ikazima. Devota alikuwa hajawahi kukisikia chumba kile kikiwa kimya, na ukimya ule ulimtisha kuliko kitu chochote alichowahi kukisikia.

“Haya, tuzione hizo seva mpya,” Makamu Mkuu alisema. “Tuanze na ya...” Alimnyooshea Devota kidole, halafu akatazama saa. “Hapana, tunywe chai kwanza, chapati zitapoa. Tukirudi tunaanza na ya huyu binti.”

Wageni walitoka wakicheka. Devota alimshika Swalihu mkono wa shati kabla hajafika mlangoni.

“Kaka, nisitiri. Seva yangu ni tupu. Niruhusu ninakili kwako sasa hivi, wakiwa kwenye chai.”

Swalihu akachungulia mlangoni kwanza. Midomo ilikuwa imemkauka.

“Mimi nilikuwa nakuja kukuomba wewe.”

Wote wawili wakageuka kumtafuta Gladness. Alikuwa tayari anawajia, anatazama nyuma asije akaonekana, na mikono ameikutanisha kifuani kama mtu mwenye ombi.